Mjadala: "Hawajatuonya, basi mlima hautalipuka." Je, hoja hii ni halali?

Ndugu zangu wa Goma, nafungua mjadala huu kwa sababu ya maneno yaliyosemwa katika kikao cha familia yetu, tulipokuwa tukishauriana kama mdogo wangu ajenge tena Buhene, kwenye kiwanja kilichofunikwa na lava ya mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, Mei 22, 2021. Mjomba alisema: Nyiragongo ukikaribia kulipuka, wataalamu hutuonya, hawajatuonya, basi haujakaribia kulipuka, kijana na ajenge. Shangazi akamkatiza kwamba hiyo si hoja hata kidogo. Mimi simuungi mkono mjomba, lakini naona shangazi ameonyesha kosa mahali ambapo halipo.

Katika mantiki, hoja ni halali pale ambapo haiwezekani kauli zake tangulizi, yaani zile zinazotolewa kama sababu, ziwe za kweli zote na papo hapo hitimisho lake liwe la uongo. Umbo alilolitumia mjomba (likiwapo la kwanza, la pili lipo; la pili halipo; basi la kwanza halipo) ni la kale: Chrysippus, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 3 kabla ya Kristo, alilihesabu kuwa la pili kati ya maumbo matano yasiyohitaji kuthibitishwa. Umbo halina dosari. Kasoro iko katika kauli ya kwanza, kwa sababu mwaka 2021 mlima ulilipuka Jumamosi jioni bila onyo, na sisi tulitambua tu pale mbingu ilipokuwa nyekundu, kabla hatujafunga hata godoro moja.

Hoja inayoniumiza zaidi ni nyingine. Mei 27 mwaka uleule serikali iliamuru sehemu ya mji ihamishwe, kwa hofu ya mlipuko mwingine chini ya mji au ziwani, na watu wakakimbilia Sake, Bukavu na Rwanda. Mlipuko wa pili haukutokea. Tangu hapo nasikia: ungetokea, tungejua kwamba hatari ilikuwapo, haukutokea, basi hatari haikuwapo. Hoja hii hupokelewa kwa makofi, nayo si halali. Ipimeni kwa mfano wenye umbo lilelile: mtu akifa kwa kipindupindu, basi aliugua, huyu hakufa, basi hakuugua. Waliouguza wagonjwa hapa mwaka 1994 hawawezi kuikubali.

Jibu la mama mmoja wa Majengo

Mwalimu, nakuheshimu, lakini uhalali huo unatusaidia nini sisi wenye viwanja? Mimi nasema hivi: lava ilishuka 1977, ikashuka 2002, ikashuka 2021, basi itashuka tena. Kwa kipimo chako hoja yangu si halali, kwa kuwa yaliyopita yanaweza kuwa ya kweli na kesho ikawa tofauti. Hata hivyo naiamini kuliko ya mjomba wako, ambayo wewe unasema umbo lake halina dosari.

Mwanzisha mada

Mama, hapo umenigusa, na nakubali bila kusita. Hoja yako si halali, na bado ina nguvu kubwa, kwa sababu kauli zake ni za kweli na zinalifanya hitimisho liwe la kutarajiwa sana, ingawa hazililazimishi. Nilikosea kuandika kana kwamba kazi inaisha tukishakagua umbo. Ila naomba tusiruke hatua moja. Kutoka "itashuka tena" hatuwezi kufika "itapita Buhene", maana lava ya 2002 ilikata katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na ile ya 2021 ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Panahitajika kauli nyingine kuhusu mahali nyufa zinapofunguka na jinsi ardhi inavyoteremka, na mimi sina kauli hiyo. Mdogo wangu bado hajachimba msingi. Mawe meusi aliyoyapasua yamerundikwa pembeni mwa kiwanja. Mwenye ujuzi wa miteremko ya upande ule tafadhali aandike hapa kabla hajaanza.