Kidole tumbo kilichopasuka: kwa nini dawa mbili ilhali maabara imeona bakteria mmoja?

Mvuvi wa Wete aliuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mdogo wangu wa kiume amepasuliwa hapa Pemba baada ya kidole tumbo chake kupasuka, na tumboni mwake ulikutwa usaha mwingi wenye harufu kali mno. Tangu siku hiyo anapewa seftriaksoni na metronidazoli, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Flagyl. Majibu ya maabara yametaja Escherichia coli peke yake, tena yakaeleza kwamba anauawa na seftriaksoni, lakini daktari hakuiondoa ile dawa ya pili. Mgonjwa analalamika ladha ya chuma kinywani na kukosa hamu ya kula, naye anataka kujua kwa nini atibiwe bakteria ambao hawakuonekana. Je, hoja yake ina msingi? Na nimesikia kwamba bakteria hao huishi matumboni mwetu siku zote. Iweje leo wawe maradhi?

Mtu wa Maabara, Unguja, alijibu:

Wa alaykumu ssalaam, na tunamwombea mdogo wako shifaa. Hoja yake ni ya mtu mwenye akili, ila imeegemea karatasi ambayo haikuandikwa ili ijibu swali hilo. Katika utaratibu wa kawaida, usaha hupakwa kwenye sahani za kuoteshea na kuachwa usiku kucha ndani ya joto lenye hewa. E. coli huota vizuri kwa njia hiyo kwa kuwa anaweza kuishi penye oksijeni na pasipo na oksijeni. Bakteria wanaodhuriwa na oksijeni hawaoti hapo hata kidogo, na baadhi yao huwa wamekwisha kufa ndani ya kijiti cha pamba kabla hakijafika mezani kwetu. Ili kuwapata, inapasa usaha uvutwe kwa sindano, uletwe haraka, kisha uoteshwe katika mtungi ulioondolewa oksijeni kwa siku kadhaa, na maabara nyingi za kawaida hazina nafasi ya kufanya hivyo kwa kila mgonjwa.

Dalili moja hutusaidia sana. Usaha huo huo ukipakwa rangi ya Gram, yaani rangi ya kuwaonyesha bakteria, na kutazamwa kwa hadubini, mara nyingi huonekana bakteria wa maumbo mbalimbali, ilhali kwenye sahani huota aina moja tu; tofauti hiyo ndiyo inayotueleza kwamba kuna waliokataa kuota. Harufu uliyoitaja nayo ni ushahidi, kwani usaha unaonuka namna hiyo ni alama ya zamani na ya kuaminika ya bakteria hawa.

Mfamasia wa Chake alijibu:

Nianzie alipoishia ndugu yangu. Ndani ya utumbo mpana, bakteria wasiotaka oksijeni huwazidi wenzao wa jamii ya E. coli kwa mara mia hadi elfu, hivyo utumbo unapotoboka ni vigumu mno kuamini kwamba aliyetoka ni E. coli pekee. Wakiwa ndani ya utumbo hutusaidia kuvunja nyuzinyuzi za chakula na kuwazuia wageni wasipate makazi. Madhara huanza pale wanapovuka ukuta na kuingia mahali pasipo pao. Mashuhuri zaidi miongoni mwao ni Bacteroides fragilis, ambaye ni sehemu ndogo tu ya bakteria wa utumbo lakini ndiye anayepatikana mara nyingi zaidi katika majipu ya tumbo, kwa sababu ana gamba la sukari linalouchochea mwili kujenga jipu. E. coli naye humsaidia bila kukusudia: humaliza oksijeni iliyobaki na kumwachia mwenzake mazingira anayoyapenda.

Sasa tazama dawa zenyewe. Bacteroides fragilis hutoa kimeng'enya kinachovunja penisilini, na seftriaksoni, iliyo ya ukoo wa penisilini, haimtoshi. Jentamaisini, dawa nyingine ya bakteria, haimgusi kabisa, kwani dawa hiyo huhitaji oksijeni ili iingie ndani ya bakteria. Metronidazoli ni kinyume chake: huingia ikiwa haina makali, na ni pale tu panapokosekana oksijeni inapogeuzwa kuwa sumu inayokata DNA ya bakteria. Kwa hiyo haiwezi kumuua E. coli, wala seftriaksoni haiwezi kushika nafasi yake. Inapendeza kujua kwamba metronidazoli ilianza kama dawa ya trikomona, kijidudu kinacholeta maradhi ya ukeni, mpaka mwaka 1962 daktari wa meno wa London alipoeleza kwamba mwanamke aliyetibiwa maradhi hayo alipona pia vidonda vya fizi.

Ladha ya chuma ni jambo la kawaida na huondoka dawa inapokwisha. Mkojo nao ukiwa mweusi kidogo asishtuke. Ganzi au michomo ya miguu, ambayo huja zaidi dawa inapotumiwa kwa muda mrefu, inapasa imfikie daktari.

Mvuvi wa Wete:

Ahsanteni sana. Atumie dawa hizi hadi lini?

Mfamasia wa Chake:

Mwenye kuamua hilo ni daktari aliyempasua, kwa sababu tiba kubwa ilikuwa kuondoa kidole tumbo na kusafisha usaha. Jipu lililobaki ndani halimalizwi kwa vidonge. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa 518, ulionyesha kwamba chanzo kikishaondolewa ipasavyo, siku 4 hivi za dawa hutosha sawa na siku 8. Homa ikirudi au tumbo likivimba, arudishwe hospitali, asiongezewe dozi nyumbani.

Bi Mkubwa wa Mkoani:

Mimi, wanangu, hununua Flagyl dukani kila tumbo likiharisha. Nayo ina ubaya?

Mtu wa Maabara, Unguja:

Shikamoo Bi Mkubwa. Kuharisha kwingi huletwa na virusi, na dawa hii haiviui. Maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na zinki kwa watoto ndiyo tiba. Damu ikionekana kwenye choo, nenda hospitali ukapimwe. Na mgonjwa wa juu, akianza kuharisha sana baada ya dawa zake, hasa seftriaksoni, amweleze daktari: bakteria wema wakipungua, Clostridioides difficile hupata nafasi ya kushamiri na kuunguza utumbo mpana. Wanaomuuguza wanawe mikono kwa sabuni na maji, kwa kuwa mbegu za bakteria huyo hazifi kwa spiriti ya mikono.