Folda za imeli, kalenda na orodha ya kazi: mnaziunganishaje?

kijana_wa_mizigo
Wakuu habari za muda huu. Niko kwenye kiofisi cha kutoa mizigo bandarini hapa Dar, tuko watu watatu na imeli zote zinaingia kwangu. Nimepanga folda ya kila mteja, zimefika 43, na nimeweka ruli imeli ikiingia inajipeleka yenyewe kwenye folda ya mteja. Nikajiona mjanja kweli. Wiki iliyopita ikaja notisi ya meli kufika, ruli ikaidaka ikaitupa kwenye folda ya mzee mmoja wa Kariakoo, mimi huku naangalia inboksi iko nyeupe nakunywa zangu chai na chapati. Nakuja kushtuka mzee mwenyewe anapiga, "kijana, kontena langu vipi?" siku za bure za kontena kukaa bandarini zimeshaisha, storeji inasoma kwa dola.

Sasa nataka folda ya mteja ndo iwe orodha ya kazi zake, na tarehe zitokee kwenye kalenda ya simu bila kuandika mara mbili. Laptopu natumia Outlook, kwenye simu nafungua kwa apu ya Gmail. Halafu hizo folda kwenye simu hazionekani hata moja, naona inboksi tu. Kuna apu inayoweza hivyo vyote?

mzee_wa_seva
Folda kutoonekana kwenye simu hiyo inanuka POP, ile njia ya zamani ya kuchukua imeli kutoka kwenye seva. Wewe mtu wa bandari, ingia kwenye settingi za akaunti uangalie namba ya poti, ukikuta 995 au 110 basi ni POP, imeli inashushwa kwenye laptopu na hizo folda zako 43 zinaishi kwenye diski ya hiyo laptopu tu, siku ikidondoka kwenye bajaji zimeenda nayo. Weka akaunti upya kwa IMAP, njia inayoziacha imeli na folda kwenye seva ili kila kifaa kizione, poti 993, ila ya zamani USIIFUTE kwanza, ziache zote mbili halafu buruta folda moja moja kwenda kwenye mpya. Fanya kwa waifai, bando la simu litakuishia katikati ya folda ya tano.

Ila hapo umetatua folda tu. IMAP inabeba imeli na folda zake basi, kalenda na kazi hazipandi gari hilo. Zinapita kwa CalDAV, njia ya kuoanisha kalenda kati ya vifaa, au kwa Exchange, seva ya Microsoft, yenyewe inabeba vyote. Muulize anayekuhostia kama ana CalDAV, kama hana, kalenda unayoandika kwenye Outlook itabaki humohumo.

mama_hesabu_tegeta
Mdogo wangu pole, lakini folda 43 za nini? Mimi natunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo, nilikuwa na ugonjwa huohuo. Folda ni kabati, unaweka kitu ulichomaliza nacho. Wewe unafungia kabatini barua ambayo hujaisoma halafu unalalamika hujaiona!

Ninavyofanya: imeli haitoki inboksi mpaka niiguse mimi. Ikiwa na kazi naiwekea bendera, na bendera inatokea kwenye Microsoft To Do, apu yao ya orodha ya kazi, mpaka kwenye simu, naipa tarehe palepale, ndo baadae inaenda kwenye folda. Ila iwe akaunti ya Microsoft yenyewe, ile ya kwenye hosting ya kawaida bendera zake hazifiki huko. Na kama una mkutano, Outlook ya zamani unaivuta imeli unaidondosha juu ya alama ya kalenda, inafunguka na maneno yote ya imeli ndani, unajaza saa tu. Vitu vya kila mwezi usisubiri imeli ikukumbushe, PAYE (kodi ya mishahara) tarehe 7, VAT tarehe 20, mimi nimeviweka vijirudie na vinipigie kelele siku 5 kabla.

mwananyamala_tu
Nami niongeze, wa Gmail kuweni makini. Kwenye kompyuta ukifungua imeli ukabofya vidoti vitatu ukatengeneza tukio la kalenda, inachukua kichwa cha imeli NA watu wote waliomo kwenye hiyo imeli inawafanya waalikwa. Mimi nikabadilisha kichwa nikaandika "kumdai huyu mpaka alipe", nikahifadhi, ikauliza nitume mwaliko, mkono ukabofya ndio. Mteja akaniforwadia mwaliko wangu na neno moja, "Nimeuona". Kumkumbusha mtu tumia ile alama ya duara lenye tiki ya kuongeza kwenye Tasks, orodha ya kazi ya Google, inabaki kwako na ina linki ya kurudi kwenye imeli, na ukiipa tarehe inaonekana kwenye kalenda ya Google.

mama_hesabu_tegeta
😂😂 Alilipa lakini?

mwananyamala_tu
Kesho yake saa nne asubuhi dada.

dogo_kodi
Kama uko Gmail na unataka ijiendeshe, Apps Script, sehemu ya Google ya kuandika vijiprogramu, inaweza. Unatengeneza lebo moja, sema KAZI, skripti inapita kila dakika 15, imeli yenye hiyo lebo inaifanyia kazi mpya kwenye Tasks halafu inaitoa lebo. Usifanye lebo 43, moja inatosha, jina la mteja liwe kwenye kichwa cha kazi.

Na hizo ruli usizifute, weka moja juu kabisa: imeli yenye neno "arrival" kwenye kichwa ibaki inboksi na ipigwe bendera, kisha weka tiki pale pa kusitisha ruli zinazofuata. Ruli zinasomwa kutoka juu kwenda chini, ikiwa chini haikusaidii kitu.

kijana_wa_mizigo
Mzee wa seva nimekuta 995 kweli. Nimehamisha folda 12 umeme ukakatika, ila zilizopita nimeziona kwenye simu. Ruli ya "arrival" iko juu, jana imenasa notisi mbili. Kalenda anayetuhostia anasema hana, kwa hiyo kwa sasa naandika kwenye ya Google kwa mkono. Mama hesabu, folda zimebaki 43 bado, nipe muda. Ya mzee wa Kariakoo nimeiondolea ruli kabisa, zake nazisoma mwenyewe kwanza.