Naomba ushauri: "papa" iwe kidahizo (neno linaloorodheshwa na kufafanuliwa kwenye kamusi) kimoja au viwili?

Wanajamvi, hapa Dodoma tunaandaa kamusi ndogo ya shule, tumekwama kwenye "papa". Samaki ni papa. Kiongozi wa Wakatoliki ni Papa, kutoka Kilatini papa, nacho kililitoa kwa Kigiriki pappas. Asili mbili, basi vidahizo viwili: papa¹, papa². Hapo sina shaka.

Shida ni jedwali la kompyuta tunamoorodhesha maneno. Namba ikikaa kisanduku kimoja na neno, anayetafuta "papa" kamili hapati kitu. Ikiondolewa, maana zinachanganyika, maana upangaji wa kawaida hautofautishi P na p. Namba niihamishie safu yake, nipange kwa neno kwanza, kisha namba?

Pia mwenzetu anataka papa ya Kihispania, yaani kiazi, iliyotoka Kikechua. Naona isiingie, haijawahi kuwa Kiswahili. Mnasemaje?