Naomba ushauri: dunia ya mchezo wetu ilianzaje, na nani aisimulie?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Naandaa kampeni mpya, yaani hadithi ndefu ya vikao vingi, ya mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa mezani wa karatasi na dadu la pande 20. Kanuni tunazotumia ni za Dungeons & Dragons, ila dunia nataka kuitunga mwenyewe tangu mwanzo. Kundi letu tumezoeana na ni watu wa kuuliza. Mmoja mhusika wake ni kuhani, na keshaniuliza: huyu mungu ninayemwomba ni nani, na dunia aliiumba kwa nini?

Dunia yenyewe ni ya visiwa. Kila mwaka bahari inakupwa kupita kiasi kwa siku saba, chini panabaki pakavu, watu wanatoka kisiwa hiki kwenda kile kwa miguu. Wanauziana, wanaoana, wanapigana. Kisha maji yanarudi. Nimeshaandika nasaba ya miungu kumi na wawili, vita vyao na kalenda yao.

Ninapokwama ni hapa: yote haya yanafikaje mezani bila mimi kuwasomea watu kurasa wakati wao wanataka kucheza? Na je, lazima iwepo habari moja ya kweli ya uumbaji, au kila kisiwa kiwe na yake? Naomba michango, hasa kwa waliowahi kuendesha kampeni ndefu.

Binti Mtepe

Kaka, hiyo bahari inayokauka siku saba ni mali. Anzia hapo, nasaba iweke pembeni kwanza. Halafu jiulize: simulizi yako ya mwanzo inampa nani haki ya nini?

Chukua Kilwa. Tarikh ya mji ule, yaani kitabu cha historia yake, inasimulia kwamba Ali bin Hassan, mtoto wa sultani wa Shiraz, alifika akakuta kisiwa kiko chini ya mtawala mwenyeji. Akakinunua kwa nguo, nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Yule mtawala akabeba nguo zake akavuka bara, lakini moyoni amepanga kurudi na watu wake kukitwaa kisiwa, maana maji yakipwa mkondo ulivukika kwa miguu. Mnunuzi naye akang'amua, akauchimba ule mkondo mpaka ukawa na kina. Njia ikafungwa.

Angalia kilichomo. Kuna bei. Kuna hila pande zote mbili. Kuna mtu amekaa ng'ambo na marobota yake anatazama kilichokuwa chake. Na kuna mkondo wa maji ambao mtoto yeyote wa Kilwa anaweza kuonyeshwa kwa kidole. Wanaakiolojia waliochimba magofu ya pwani wanatuonyesha miji ile ilikua mikononi mwa watu wa pwani wenyewe, kutoka nyumba za miti na udongo hadi za mawe ya matumbawe. Lakini habari ya nguo ilikuwa na kazi yake: iliwapa watawala hati ya kumiliki.

Sasa hamishia kwako. Wenye bandari kubwa watasema mungu wao aliichimba bahari ili awalinde. Waliobaki visiwa vikavu watasema bahari ile ni uzio juu ya ardhi iliyoibwa, na zile siku saba ndizo mwenye mali hupewa kuja kudai chake. Kuhani wako ataulizwa upande wake kwenye lango la kwanza tu atakalofika.

Kasa Mzee

Dada kamaliza, mimi naongezea kipande. Asili ya dunia ikiwa imekwisha, wachezaji hawana pa kushika. Waachie jambo ambalo halijamalizika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Baganda, habari ya Kintu na Nambi. Nambi ni binti wa Ggulu, mwenye mbingu. Wanaruhusiwa kushuka duniani kwa sharti: waondoke mapema, na wakisahau kitu wasirudi, kwa sababu Walumbe, kaka yake Nambi, atawafuata. Wakiwa njiani Nambi anakumbuka ulezi wa kuku. Anarudi kuuchukua. Walumbe anaandamana naye, na Walumbe ndiye kifo.

Baadaye Ggulu anamtuma Kayikuzi, ndugu yao mwingine, aje amkamate. Watu wanaambiwa wajifungie ndani na wasipige kelele hata wamwone Walumbe. Watoto waliokuwa nje wanamwona wanapiga yowe, naye anazama ardhini. Hadi leo kule Tanda, Buganda, kuna mashimo marefu watu wanayoonyesha kuwa ndimo alimotorokea.

Mkuu, hebu hesabu vituko ulivyopewa hapo. Konzi moja ya ulezi imeleta kifo duniani. Kuna mwindaji aliyeshindwa kazi. Kuna mahali halisi pa kwenda, penye mashimo, na kuna sharti la kunyamaza ambalo dadu linaweza kulivunja wakati wowote. Mimi ningeendesha kampeni nzima juu ya Kayikuzi kurudi kwa mara ya pili. Miungu kumi na wawili ni wengi, chagua watatu wenye ugomvi ambao haujaamuliwa.

Mpiga Mbiu

Nawaheshimu wote wawili, ila hapa napishana nanyi. Mwendesha mchezo, yule anayesimulia dunia kwa wachezaji, lazima aujue ukweli mmoja, hata kama hatausema mpaka kampeni iishe. Wachezaji wakichimba wakakuta chini hakuna kitu wanaligundua haraka sana, na hamu yote inaondoka. Mleta mada, andika ukweli wako kwa sentensi tano, ufungie. Kisha kila kisiwa kipate sehemu yake, na kila kimoja kikose kidogo. Hivyo mtu akikusanya habari za visiwa vitatu anaweza kufikia jambo kwa akili yake mwenyewe.

Binti Mtepe

Mpiga Mbiu, na siku mchezaji akileta maelezo mazuri kuliko hizo sentensi zako tano utafanyaje?

Mpiga Mbiu

Nitazibadilisha usiku huohuo. Lakini lazima kwanza ziwepo.

Mpanda Lengai

Mmezungumza vizuri, ila ardhi yenyewe mmeisahau. Mimi naishi huku Arusha. Wamaasai wanasimulia kwamba Enkai, Mungu wao, aliwashushia ng'ombe kutoka mbinguni, na wapo wazee wanaosema kwa msingi huo ng'ombe wote walikabidhiwa wao. Mlima wanaomhusisha naye, Ol Doinyo Lengai, bado ni volkano hai, ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007. Uji wake hauna joto kali kama wa volkano nyingine, unatiririka mweusi, mchana huoni wekundu wowote, na ukishapoa unyevu wa hewani unaugeuza mweupe. Mtu akisimama pale hahitaji kusomewa kurasa kuhusu Muumba.

Kwa hiyo weka mahali ambapo uumbaji unaonekana bado unaendelea. Sakafu ya bahari yako ikikauka, watu wanakuta nini? Majiwe yale ya mwaka jana, au kila mwaka kuna kitu kipya kimeota?

Mleta mada

Asanteni sana, kwa kweli. Nimekaa nikapanga upya. Miungu wamebaki watatu. Ukweli nimeuandika kama Mpiga Mbiu alivyosema: bahari ni mkopo. Mungu wa kwanza aliazima maji kwa dada yake ili azime moto ulioiunguza nchi, na hajayarudisha. Zile siku saba dada anakuja kuyahesabu.

Watu wa bandari wanasema maji ni zawadi. Watu wa visiwa vikavu wanasema ni deni, na kila mwaka wanabeba mitungi mitupu hadi katikati ya njia wanaipanga mistari. Chini kabisa kuna nguzo, na kila mwaka inaongezeka moja. Hakuna anayejua anayezisimamisha. Kuhani nimempa mungu yuleyule aliyeazima, bila kumwambia habari ya deni.

Swali la mwisho: kikao cha kwanza nianzie wapi? Bandarini?

Kasa Mzee

Usianzie bandarini, watu watazurura sokoni mpaka usiku. Waanzishe siku ya sita, wako katikati ya njia, mzigo wanao, na mbele yao kuna mama mmoja anapanga mitungi. Anamwomba kuhani aibariki.

Mpiga Mbiu

Na mitungi miwili iwe imeshajaa.

Mleta mada

Nimelichukua hilo. Tunacheza Jumamosi, nitaleta mrejesho hapahapa kwenye uzi.