Mbwa kagongwa na tuktuk, paja limevunjika: atiwe chuma Nairobi, akatwe mguu hapa Mombasa, au apumzishwe?

Mkazi_Mtongwe
Wenzangu, hamjambo. Jana jioni tuktuk ilimgonga Chui, mbwa wetu, hapa kwenye njia ya kuingilia mtaani. Ana miaka 4, kilo 22. Eksirei inaonyesha mfupa wa paja la nyuma kushoto umekatika katikati, ngozi haikupasuka. Daktari alimtundikia dripu, akamdunga sindano ya maumivu, turudi kesho. Yeye anaweza kuukata mguu, lakini hana vifaa vya kutia chuma, kwa hiyo hilo ni la Nairobi. Ikishindikana yote, sindano ya kumpumzisha, afe bila maumivu. Mama naye anasema Kisauni kuna mzee anayeunga mifupa kwa magango, hata ya mbuzi. Nairobi itakula mishahara yangu miwili. Waliopitia haya, mngefanyaje?

BiSalama_Tudor
Pole sana mwanangu. Wetu aligongwa na matatu, akakatwa mguu huohuo wa nyuma. Mimi ndiye niliyelia, yeye siku ya pili ashasimama anatafuta bakuli lake. Kilichomsumbua ni kibaraza chetu cha vigae. Mguu uliobaki ulikuwa ukiteleza kwenda nje, anakaa kitako, ananitazama kama mimi ndiye niliyemwaga mafuta. Tulimtandikia mabusati ya mpira mpaka kwenye geti, basi ikawa kwisha habari. Usimwache anenepe tu.
Na panga mapema nani atamuuguza. Sisi Waislamu, mbwa ni mlinzi wa nje, haingii ndani, na kuna watu wa nyumba yako hawatamgusa. Mimi kidonda nilikisafisha kwa glavu, mate yakinipata naosha mara 7, moja kwa mchanga. Kazi, lakini inafanyika.

Injinia_Nyali
Mimi ningetia chuma. Mbwa wa miaka 4 ana maisha marefu mbele, na mfupa uliokatika katikati, bila kusagika, ndio unaofungika vizuri. Ila uliza ni pini au ni bamba. Pini peke yake ndani ya paja haizuii vipande kuzungukana, lazima iambatane na kitu kingine. Bamba lenye skrubu ni ghali zaidi lakini linashika. Uliza pia kama bei inajumuisha eksirei ya marudio, ile ya wiki ya 6 hadi ya 8, maana wengine huihesabu mbali.

Kabwere
Watu wa Nyali mna pesa. Muunga mifupa ni wa bei nafuu, na nimeona mbuzi wakipona. Kwa nini tusianze hapo?

Mtibu_Mifugo
Kabwere, mbuzi unaowaona wamepona mara nyingi walivunjika chini ya goti. Gango au plasta haina budi ishike kiungo cha juu na cha chini ya pale palipovunjika. Paja juu yake ni nyonga, na nyonga ya mbwa utaifungaje? Bendeji inateremka mpaka gotini, inageuka uzito unaoning'inia, vipande vinazidi kuchomana ndani. Ongeza joto letu na unyevu wa hapa Pwani: ndani ya wiki ngozi imechubuka na inanuka. Kama kilichovunjika ni mfupa wa nyonga yenyewe, hapo ndipo mbwa huweza kupona kwa kufungiwa kizimbani tu. Paja la katikati, hapana.
Sasa Mkazi, hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Mnabishana mguu, mguu unaweza kungoja siku kadhaa. Aliyegongwa na gari huuawa na kifua na tumbo. Mapafu yaliyopondeka huzidi kuharibika katika saa 24 hadi 48 za kwanza, ndiyo maana daktari mzuri hakimbilii ganzi. Uliza kama kifua nacho kilipigwa eksirei, au ni paja tu. Akilala, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikizidi 30 na zinaendelea kupanda, au fizi zimekuwa nyeupe, usingoje kesho. Na asipewe Brufen wala Panadol ya nyumbani, hata nusu kidonge: ya kwanza hutoboa tumbo na kuua figo, ya pili huharibu ini na damu.

Mwana_wa_Makupa
Nitasema lisilopendeza. Sindano si ukatili. Kama uti wa mgongo umeumia, au hakuna mtu wa kumhudumia na pesa hakuna kabisa, kumwacha ajikokote uani miezi ndio ukatili.

BiSalama_Tudor
Kweli, lakini si kwa mguu mmoja, ndugu yangu. Huyo anakula?

Mkazi_Mtongwe
Ahsanteni. Alikunywa maji, akala wali kidogo kwa mkono wangu. Pumzi akilala ni 26. Amekojoa, rangi ya kawaida. Eksirei ilikuwa ya paja tu, kesho nitaomba ya kifua.
Injinia, kilichonitisha kwenye chuma si pesa peke yake. Ninafanya zamu bandarini na watoto hawawezi kumzuia Chui. Akiona paka tu anaruka ukuta.

Injinia_Nyali
Basi hapo nakubaliana na Bi Salama. Bamba linataka kizimba na kamba wiki zote hizo, hata kwenda kujisaidia. Akiruka mara moja likapinda, unalipia upasuaji wa pili. Nairobi nako ni kilomita kama 480 kwa barabara, kwenda tu, na mguu umevunjika.

Mtibu_Mifugo
Kabla ya kukata, daktari apime ule mguu mwingine wa nyuma, goti na nyonga, kwa kuwa ndio utakaobeba. Mbwa hubeba sehemu kubwa ya uzito wake mbele, ndiyo sababu kupoteza mguu wa nyuma huwa rahisi kuliko wa mbele. Na kukojoa hakuthibitishi kwamba kibofu ni kizima, mwambie atazame tumbo kwa ultrasaundi.

Mkazi_Mtongwe
Sawa. Kifua kikiwa safi, tutaukata hapahapa. Shida iliyobaki ni usafiri, tuktuk za huku zikiona mbwa zinapita. Jana tulibebwa na jirani, kesho hayupo.

Kabwere
Nina gari, Probox, niko Likoni. Tuvuke na feri ya alfajiri kabla jua halijawaka. Mtafutie ubao mpana, umteleze juu yake na shuka lake, usimnyanyue kwa kwapa. Na mdomo usimkaribie na uso wako, akiumia atakuuma hata wewe. Nitumie namba kwa ujumbe wa siri.

Mtibu_Mifugo
Kuanzia usiku wa manane asile kitu, huenda wakamtia ganzi. Maji mwachie.