Seva iko Ujerumani, mimi niko Mwanza: nabadilishaje mfumo endeshi?

Wakuu, seva haina skrini wala kibodi, naiingia kwa SSH tu (njia ya kuandika amri kwenye kompyuta ya mbali kupitia mtandao). Mfumo wake wa sasa, CentOS 7, uliacha kupata masasisho 30 Juni 2024, nataka kuweka mwingine, Debian 12. Seva imebeba rekodi za ada za shule nzima. Naogopa kweli.

— Mkuu, hakikisha kwanza una konsoli ya mbali (skrini ya seva unayoiona ukiwa kwako hata SSH ikikatika) au mfumo wa uokoaji (mfumo mdogo wa kuwashia seva ikigoma). Bila hivyo usiguse kitu.

— Nakili data nje, kisha irudishe kwenye mashine nyingine uone kama inafunguka. Andika anwani ya IP na jina la kadi ya mtandao. Jina la kadi yangu lilitoka eth0 likawa enp3s0, mipangilio ya mtandao ikagoma, nikafungiwa nje siku mbili!

— Asanteni sana. Konsoli ipo, nimeijaribu. Leo nanakili tu.