Mrejesho: Babu wa KAR na hospitali ya India
Niliuliza kwa nini babu, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) aliyepigana Burma (Myanmar ya leo) mwaka 1944, alituma barua kutoka hospitali ya kijeshi nchini India. Nawashukuru mlionielekeza: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya KAR, ilisonga mbele katika bonde la Kabaw huko Burma wakati wa mvua za monsuni, njia zikiwa tope tupu, na majeruhi wakapelekwa India. Barua yenyewe, aliyoandikiwa na mgonjwa wa kitanda cha pili kwa kuwa mkono wake ulikuwa kwenye plasta, haigusii vita hata kidogo. Analalamikia chakula, kisha anasema ngozi imegeuka manjano, jambo ambalo shangazi alilidhani ni ugonjwa wa ini, kumbe ni vidonge vya mepakrini vya kukinga malaria. Jina la hospitali bado nalitafuta, maana mhuri umefutika.